Usichimbue nyasi zako mwezi wa kumi

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi, hapa mtaani kwetu Mbeya huanza kazi moja inayoniuma. Vijana wanaitwa na majembe, wanachimbua uwanja mzima wa nyasi mbele ya nyumba ya mtu, nyasi zinapakiwa kwenye toroli kwenda kutupwa, na ua unabaki vumbi tupu. Ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia, "Zimekufa zote, dada yangu. Nasubiri mvua nipande nyasi mpya za Pemba." Mvua ikianza anakwenda kwa wauza maua kando ya barabara, ananunua viroba vya vipande, analipa wa kupanda. Mwaka unaofuata, mwezi uleule, rangi ni ileile ya kahawia na majembe yanarudi.

Naandika kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya nyasi zao pia. Nyingi ya nyasi zinazotupwa mwezi wa kumi ziko hai. Zina mizizi iliyochukua miaka kushuka chini, na zimebakiza wiki chache tu zipate kila kinachohitajika ili zirudi kijani. Kinachozizuia zisirudi mara nyingi si nyasi zenyewe. Ni udongo uliozikaba.

Kwanza tuelewane kuhusu majira. Video nyingi za kutunza nyasi zinatoka Uingereza na Marekani, na karibu zote zinaanzia mwezi wa tatu: baridi imeisha, chukua reki, mwaga mbegu. Mbegu wanazomwaga kule Uingereza ni za nyasi zinazopenda ubaridi, ambazo hukua vizuri kwenye nyuzi joto 15 hadi 24. Nyasi zetu nyingi ni za jamii ya joto. Ukoka, kwa mfano, hupenda nyuzi 27 hadi 35, ndiyo maana ukiupanda Morogoro unakimbia na ukiupanda hapa unatambaa taratibu. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ikishakatika mwezi wa tano, baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaingia juu ya ukavu, kwa hiyo nyasi zinapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mwezi wa tisa na wa kumi joto linarudi, lakini maji hakuna, na upepo unakausha hata kile kidogo kilichobaki. Mwezi wa kumi na moja mvua inashuka, na hapo ndipo joto na maji vinapokutana.

Vikikutana hivyo, hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua, na hayakai sana. Kadiri mwaka mpya unavyosonga mawingu yanatanda, jua linapungua, na uwanja unashinda umelowa. Kwa hiyo wiki zilizopo kati ya mvua za kwanza na mwaka mpya ndizo zenye thamani kuliko zote. Uliyechimbua, wiki hizo utazitumia kungoja vipande vipya vishike mizizi. Usiyechimbua, mizizi iko chini tayari, inachomoza tangu mvua ya kwanza.

Hali si moja Nyanda za Juu Kusini zote, naomba hilo likumbukwe. Shemeji yangu yuko Tukuyu, mwendo wa kilomita kama 70 tu kutoka hapa, na kwake mwezi wa nane nyasi ni kijani. Yeye shida yake ni matope, kuvumwani chini ya miti, na udongo uliochachuka kwa sababu mvua nyingi huosha chokaa yote ikashuka chini. Ndugu zetu wa Makete na wa maeneo ya juu ya Njombe wanaamka na jalidi juu ya majani, na asubuhi ya namna hiyo hawatakiwi kukanyaga nyasi kabisa mpaka iyeyuke, maana jani lililoganda likikanyagwa linavunjika ndani na kuwa jeusi. Iringa mvua ni haba kuliko Mbeya, na kule maji ya mpira yanahitajika mapema zaidi. Ninayoyasema hapa ni ya Mbeya mjini, kwenye udongo wa ua wangu, na mwenye akili ya bustani atajua cha kupunguza na cha kuongeza.

Uwanja wangu una nyasi za aina tatu, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mtaa wetu wa Forest. Upande wa jua kuna ukoka, wenyewe haukupandwa na mtu. Mbele ya kibaraza kuna Pemba, yenye majani mapana na mashina manene yanayotambaa juu ya ardhi. Nyuma, karibu na michongoma, kuna kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki humuhumu na kwa hiyo baridi yetu haiitishi kama inavyowatisha wenzake. Kikuyu huungua majani baridi ikizidi, lakini shina lake la chini ya udongo halidhuriki kirahisi. Pemba ndiyo dhaifu zaidi kwenye ukame kwa sababu mashina yake yako juu, jua linayapiga moja kwa moja. Ukijua una ipi, utajua uivumilie kiasi gani.

Sasa, utajuaje kama ziko hai? Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Umalila ambaye amekuwa akitusaidia bustani kwa miaka mingi. Nilimwita mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwaka ambao uwanja wangu ulikuwa umeharibika kuliko wakati wowote. Nikamwamkia, akaitikia, akavua viatu na kuingia uwanjani pekupeku. Akashika shina moja la Pemba lililokuwa limekauka rangi ya karatasi ya kaki, akalivuta kwa taratibu. Halikung'oka. Akalikata kwenye kifundo kwa ukucha wa kidole gumba, akakwangua ganda la nje, akanisogezea. "Angalia hapa, mama." Ndani ya ganda lile kavu kulikuwa na uzi mweupe wenye unyevu, na pale kwenye kifundo chenyewe palikuwa na ncha ya kijani kibichi, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaenda hatua tatu mbele, akavuta lingine. Hilo likainuka na kipande kizima cha nyasi, bila mzizi hata mmoja. Akachimba kwa kidole, akatoa funza mnene mweupe aliyejikunja, kichwa cha kahawia. "Hapa ndipo pamekufa. Pale hapajafa."

Kipimo hicho kinatosha kabisa. Vuta: zikikataa kutoka, mizizi ipo. Kwangua kifundo: ukiona weupe wenye maji au kijani, ziache. Zikiinuka kirahisi, chimba uone ni funza au ni mchwa. Ukichimba eneo la futi moja kwa futi moja ukakuta funza mmoja au wawili, waachie ndege. Ukikuta wamejaa, hapo pana kazi, wachambue wote mpaka udongo uwe safi ndipo upande upya. Kama bado una wasiwasi, chagua eneo dogo la mita moja, limwagilie vizuri kila baada ya siku tatu, na ulitazame kwa wiki mbili. Nyasi zilizo hai zitakujibu zenyewe kwa kuchomoza vijani vyembamba, na utakuwa umetumia ndoo chache badala ya kutupa uwanja.

Niseme sababu ya uwanja wangu kuharibika mwaka ule, maana najua wengi yamewakuta. Mwezi wa saba tulipata msiba wa baba mkwe. Msiba wa kwetu mnaujua. Turubai likasimama uwanjani, viti vikapangwa, akina mama wakaweka mafiga upande wa pili, na magari ya kutoka Tukuyu, Chunya na Vwawa yakaingia hadi ndani ya geti kwa sababu barabarani hapakuwa na nafasi. Watu walikaa, walilala, walipika, walilia pale pale kwenye nyasi, siku nyingi, katika kipindi ambacho nyasi hazina hata nguvu ya kuota. Walipoondoka palibaki njia nyeupe iliyokanyagwa kutoka getini hadi mlango wa jikoni, mistari ya matairi, na duara jeusi pale palipokuwa na moto. Mume wangu alitaka kumwaga zege lote. Nilimwelewa. Kutoka nje kila asubuhi na kuona lile duara kulikuwa kunamrudisha kwenye siku zile. Lakini mimi nilitaka pale baba alipoagwa pawe kijani tena, watoto wa watoto wake wacheze hapo.

Yule mzee alipopaona hakushangaa. Alisema nyasi hazikuuawa na watu, udongo ndio uliofungwa. Akaomba bisibisi ndefu. Upande wa michongoma, ambako hapakukanyagwa, tulimwagia maji jioni na asubuhi bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini kwa kusukuma kwa kiganja. Kwenye njia ya jikoni, maji yaleyale, bisibisi iligoma kabla haijafika urefu wa kifundo kimoja cha kidole. Mzizi wa nyasi hauna nguvu kuliko mkono wa mtu. Pale ambapo bisibisi haipiti, maji hayapiti, hewa haipiti, na mbolea utakayomwaga itabaki juu ikingoja mvua ije iisombe kwenda kwenye mtaro.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kufufua nyasi, na ningesema ndiyo nusu ya kazi yote, ni kutoboa udongo. Wengi hutumia jembe uma, wanalichoma na kulitikisa kidogo. Linasaidia. Lakini chuma kisicho na tundu kinapoingia kinausukuma udongo pembeni, na kwenye udongo wa mfinyanzi kuta za tundu zinakuwa ngumu zaidi. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba vipande vitatu vya bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa inchi tano, ncha zake zikatwe kwa mshazari ziwe kali, na kila kimoja kifunguliwe dirisha dogo ubavuni. Akavichomelea kwenye kipande cha chuma kilicholala, akaweka mpini wa bomba wenye mshikio. Ukikanyaga, mabomba yanaingia. Ukivuta, yanatoka yamebeba udongo. Ukikanyaga tena pembeni, udongo wa mwanzo unasukumwa na kutokea dirishani. Unabaki na matundu wazi, na juu ya nyasi vinalala vipande vya udongo ambavyo vikikauka unavivunja kwa reki. Matundu yapishane kama sentimita kumi, kina sentimita saba hadi kumi. Mwagia maji jioni ya kabla, maana ukitoboa udongo mkavu utaumiza mabega bure, na ukitoboa matope unaufunga zaidi. Nilifanya njia ya jikoni kwanza, jioni baada ya kazi, kipande kwa kipande, na sikuona haja ya kumaliza uwanja wote. Pasipokanyagwa paache.

Lile duara la moto lilihitaji mkono tofauti. Moto wa siku nyingi huunguza mizizi na mboji yote ya juu, na majivu yakiwa mengi sehemu moja yanaufanya udongo uwe na chumvi na magadi kiasi cha nyasi kushindwa. Tulikwangua majivu yote, tukatoa udongo wa juu kina cha vidole vinne, tukajaza udongo mzuri wa shambani uliochanganywa na samadi ya zamani, tukaushindilia kwa miguu taratibu ili usije ukabonyea mvua zikinyesha. Hapo ndipo pekee tulipopanda upya, na tulipanda mwezi wa kumi na mbili mvua zikiwa zimetulia, si mapema.

Baada ya kutoboa kinakuja kitu ambacho wengi wanakiruka. Pemba na kikuyu zikiachwa miaka kadhaa hujenga chini ya majani tabaka la mashina makavu, nene kama godoro. Ukikanyaga unahisi unadunda. Tabaka likizidi unene wa kidole, maji ya mvua yanaishia humo, na machipukizi mapya yanaota juu ya mashina makavu badala ya kushika udongo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua zikiwa zinanukia, nakata nyasi chini kabisa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kisha napitisha reki ya chuma kwa nguvu, kwanza upande mmoja halafu kuukatiza. Kinachotoka ni kingi, utashangaa. Usikichome. Najua mwezi huo milima yote inawaka, ukitazama Loleza usiku unaona mstari wa moto, na mtu anaona njia rahisi ni kiberiti. Ukoka utapona ukichomwa, lakini Pemba mashina yake yako juu, utaichoma yenyewe pamoja na takataka. Mimi makavu hayo napeleka kwenye shimo la mboji, na mwaka unaofuata yanarudi uwanjani yakiwa meusi na laini.

Kisha nachekecha. Sehemu moja mboji au samadi iliyokaa mpaka ikapoteza harufu, sehemu moja mchanga wa mto, sehemu moja udongo mzuri, vyote vinapita kwenye chekeche la wavu. Namwaga juu ya yale matundu, natandaza kwa ubapa wa reki mpaka majani yachungulie. Unene usizidi sentimita moja. Samadi mbichi usithubutu: inaunguza, na inakuja na mbegu za magugu yote aliyokula ng'ombe.

Mbolea ya dukani ina wakati wake, na huu ndio mahali ambapo fedha za watu wengi hupotea. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ikinyesha kila mtu anakimbilia urea. Mvua hizo za kwanza huku kwetu zinaweza kunyesha siku mbili na kupotea wiki mbili. Nyasi zilizoshtuliwa na urea zinatoa majani laini, jua linarudi, na zinaungua zikiwa zimeshatumia akiba ya mizizi. Subiri mpaka unyevu ufike kina cha kidole kizima, nyasi zenyewe ziwe zimeanza kuwa kijani, ndipo uzilishe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa yetu, ile ya Novemba hadi Aprili, na mimi huufuatilia kwa makini kama anavyoufuatilia mwenye shamba la mahindi.

Kiasi nacho ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na mita moja ya mraba inatosheka na gramu kumi, yaani vifuniko viwili vya soda, vilevile tunavyopimia mbolea ya mahindi. Uwanja wa mita kumi kwa kumi unataka kilo moja tu. Ukitumia CAN, mbolea nyingine ya dukani ambayo naitrojeni yake ni kidogo, weka karibu mara mbili ya hapo. Gawanya mbolea mafungu mawili. La kwanza limwage ukitembea kwenda na kurudi, la pili ukikatiza, ili usiache mistari ya kijani na njano. Majani yawe makavu wakati wa kumwaga, na maji yafuate mara moja. Rudia baada ya wiki sita hivi, na fungu la mwisho lisivuke mwezi wa nne, nyasi ziingie kwenye baridi zikiwa zimekomaa. Kuhusu chokaa, usiweke kwa kuiga jirani. Wa Tukuyu huenda akaihitaji, wewe huenda ukaharibu. Pima udongo kwanza. Maabara za kilimo zipo kwa kazi hiyo, na sisi wa Mbeya tunacho kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) pale Uyole.

Maji ya kabla ya mvua yana shida yake, maana mwezi wa kumi mgao unabana na hakuna mwenye moyo wa kumwagilia nyasi wakati ndoo za jikoni hazijajaa. Mimi sina bomba la kumwaga ovyo. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo, ambayo sabuni yake imekwisha kabisa, nayapeleka kwa zamu: leo upande huu, kesho upande ule. Ni bora kulowesha sehemu moja mpaka chini, kuliko kunyunyizia uwanja wote juu juu kila jioni, kwa sababu mzizi hufuata maji yalipo. Ukiyaacha juu na wenyewe unabaki juu. Na asubuhi ni bora kuliko jioni, majani yakauke mapema yasialike ukungu.

Nyasi zikishashika, ukataji ndio unaozinenepesha. Kila ukikata, ondoa theluthi moja tu ya urefu. Ukoka unastahimili kukatwa hadi sentimita tatu, kikuyu nne, Pemba usiishushe chini ya tano. Vijana wanaopita na mashine za begani hupenda kukata mpaka udongo uonekane ili wasirudi upesi, na mwenye nyumba anafurahi kwamba amepata thamani ya fedha yake. Kaa naye, mwoneshe urefu unaotaka kwa kidole, mlipe arudi mara nyingi zaidi. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu hakikati jani, kinalichana, na kesho yake uwanja wote una ncha nyeupe. Vipande vilivyokatwa, kama ni vifupi, viache pale pale; vinaoza na kurudisha chakula udongoni.

Magugu sitayasemea sana. Kishona nguo na wenzake wang'oe kabla hawajatoa mbegu. Ndago ndiyo ya kuogopa. Chini ina vifundo vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa uzi, na ukiipiga jembe unavikata na kuvisambaza, moja inakuwa kumi. Naifuata kwa kisu chembamba udongo ukiwa umelowa, nashuka na ule uzi mpaka nitoe kifundo. Inaudhi, lakini kila mwaka inapungua, na nyasi zikiwa nene zinainyima jua.

Halafu viwavijeshi. Mvua zikishaanza, nondo wanataga, na kiwavijeshi anapenda nyasi sawasawa na mahindi. Unaamka unakuta kipande kilichokuwa kijani jana kimebaki vijiti, na kunguru wamejaa uwanjani wakidonoa. Ukiona ndege wengi wametulia sehemu moja, usiwafukuze, nenda ukatazame. Mwaga ndoo ya maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye mpaka wa palipoliwa na pasipoliwa. Ndani ya dakika chache wanapanda juu. Wakiwa wachache okota. Wakiwa wengi usisubiri kesho, nenda duka la pembejeo ukiwa na mmoja kwenye kopo wakuoneshe dawa sahihi, na uwaarifu majirani wenye mahindi, maana wakimaliza kwako wanahama kwao.

Ule mwaka wa msiba, mwezi wa kwanza ulipoingia, njia ya jikoni ilikuwa imefunikwa robo tatu. Duara la moto liliendelea kuonekana kwa rangi mpaka mvua za mwezi wa tatu, kisha Pemba ikaliziba kabisa. Mume wangu hajasema tena habari za zege. Wajukuu walipokuja likizo ya mwezi wa sita walitandika mkeka pale pale, baridi ileile, nikawaacha.

Sehemu moja nimeiacha bila nyasi kwa hiari: chini ya mparachichi. Kivuli chake ni kizito, majani yanaanguka mwaka mzima, na mizizi yake inakunywa kila tone. Pemba huvumilia kivuli kuliko ukoka, lakini hata yenyewe inataka jua la saa chache kwa siku, na pale halipo. Nimeweka majani makavu na benchi la mbao, na panatosha kwa kukaa mchana.

Mwezi wa kwanza huwa nakata kingo za uwanja, na mashina ya Pemba yanayotoka huko ni mengi kuliko ninavyohitaji. Kila kipande chenye vifundo viwili au vitatu kinaota, ukikifukia kifundo kimoja na kuacha kingine juu, mistari ikipishana kiganja kimoja. Majirani wa Forest wenye sehemu zilizokufa kweli, zile zinazoinuka ukivuta, njooni na kiroba mchukue. Leteni na bisibisi, tupime kwanza udongo wa kwenu pamoja.